Koti Ambalo Mume Wangu Hakuwahi Kuwa Nalo

Tarehe tisa ya mwezi wa tatu nilipoteza mume. Siku arobaini baadaye nilipoteza na jina langu zuri, kwa sababu ya koti ambalo mume huyo hakuwahi kuwa nalo.

Nianze na mume. Alikuwa fundi wa pampu. Kule Lusangi, wachimbaji wa dhahabu wakishuka chini sana shimo linajaa maji, na bila pampu hakuna kazi. Pampu zile zinakufa kila wiki, na yeye ndiye aliyekuwa anazifufua. Alikuwa anakaa Lusangi wiki tatu, anarudi nyumbani Kasongo wiki moja, ananuka mafuta ya mashine hata baada ya kuoga mara mbili. Nilikuwa namwambia kwamba nimeolewa na pikipiki. Alinijibu kwamba pikipiki ingenifaa zaidi, maana mtu anaweza kuikodisha.

Homa ilimshika huko huko Lusangi. Motari, yaani dereva wa pikipiki, alimleta nyumbani amemfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, na siku ya nne akafariki. Sina mengi ya kusema juu ya siku hiyo. Nilikuwepo.

Mimi ni mshonaji. Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, nikaacha, nikajifunza cherehani. Cherehani yangu iko barazani, na watu wa mtaa wananiletea nguo za kupunguza, za kuongeza, na zile ambazo hazina tena la kufanywa ila wenyewe hawajakubali. Ninataja cherehani kwa sababu nayo ilihusika.

Mume wangu aliacha picha moja tu. Aliipiga Kabambare, kwenye studio ambayo ni chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ndege ya abiria na maua makubwa kuliko ndege. Katika picha hiyo amevaa koti la kijivu lenye kola pana, shati jeupe na tai. Mkono mmoja uko mfukoni. Anaonekana kama mbunge aliyeulizwa swali akakataa kulijibu. Aliponiletea picha ile alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia koti ni la mpiga picha, tai ni ya mpiga picha, na mfuko ule aliotia mkono hauna chini. Tuliitundika ukutani tukaisahau. Alipofariki ndiyo ikawekwa juu ya sanduku lake la nguo, na matanga yote watu waliingia, wakaiangalia, wakasema, "Alikuwa mutu mukubwa," na mimi nililia kwa uchungu huku kitu fulani tumboni kikitaka kucheka.

Sasa kwetu iko hivi. Mtu akifariki, nguo zake hazigawanywi mpaka siku ya arobaini. Siku hiyo familia yake inakuja, na dada yake ndiye anayefungua sanduku la nguo. Dada huyo huyo ndiye anayemfungua mjane kitambaa cheusi cha kichwani. Si mama wa mjane, si padri, wala si mjane mwenyewe. Asipokifungua, unabaki nacho. Unaenda nacho sokoni, unaenda nacho misani, na wateja wanakuletea nguo za harusi kwa wasiwasi, kama vile utazishonea kifo ndani ya pindo.

Dada wa mume wangu ni mkulima wa Wamaza. Analima mpunga na karanga, na anazungumza kana kwamba anayemsikiliza yuko ng'ambo ya mto. Mume wangu alikuwa mdogo wake wa mwisho. Dada huyo alimbeba mgongoni utotoni, na mpaka mume wangu anaota mvi bado alikuwa anamuuliza kama amekula. Mimi nilimpenda wifi yangu. Niseme hivyo kabla sijaendelea.

Siku ya arobaini alifungua sanduku mbele ya wazee wa familia. Suruali mbili, mashati matatu, sweta, kofia, viatu ambavyo kimoja kilikuwa kinacheka. Alivipanga juu ya mkeka, akavitazama, akainua macho kwenye picha, ambayo ilikuwa imerudi ukutani.

"Na koti?"

"Koti gani, wifi?"

"Ile iko kwenye picha."

"Ile haikuwa yake. Ni ya mupiga picha wa Kabambare."

Mzee mmoja akasema, "Mupiga picha anapiga picha. Hana kazi ya nguo."

"Yaani ndugu yangu," wifi akasema, "fundi ambaye Lusangi nzima ilikuwa inamungojea, avae nguo ya kuazima?"

"Alivaa, wifi. Alinielezea mwenyewe."

"Alikuelezea mwenyewe. Na yeye iko wapi atuelezee?"

Bahati yangu mbaya, siku ile chini ya sindano ya cherehani kulikuwa na suruali ya mwalimu mmoja wa mtaani, nayo ilikuwa ya kijivu. Wifi aliinuka, akaichomoa, akaipeleka mpaka kwenye picha akaiweka pembeni.

"Rangi ni moja," akasema. "Alikata koti ya ndugu yangu, anashonea wanaume wengine suruali."

Ilibidi mwalimu aitwe. Alikuja akashuhudia mbele ya wazee kwamba suruali ni yake, kwamba ilipasuka matakoni akiwa ubaoni, na kwamba wanafunzi waliona. Sidhani kama amenisamehe. Wala haikusaidia, kwa sababu wifi alisema mwalimu ni mteja wangu, lazima anilinde.

Kabla ya kuondoka alisogea karibu yangu. Nilidhani atafungua kitambaa. Alilikaza fundo.

"Siku koti itaonekana," akasema, "nitakifungua."

Wiki chache baadaye alipita Kabambare kwa shughuli zake, akamuuliza mpiga picha. Mpiga picha akamjibu, "Mama, kwa studio yangu kila mutu anakuja na nguo yake." Habari hiyo ilinifikia Kasongo haraka kuliko dawa zinavyofika. Toka hapo nikawa mwizi wa koti.

Na sasa niseme lile ambalo siku ile sikulisema. Kulikuwa na shati la nne. La kijani, la kazi, lenye doa la mafuta begani na lisilo na kifungo cha pili. Usiku wa matanga nililitia ndani ya foronya ya mto wangu, nikashona mdomo wa foronya. Wifi alipomaliza kupanga nguo aliniuliza, "Ni yote?" Nikamwangalia machoni nikasema, "Ni yote." Kwa hiyo siku moja hiyo hiyo nilisema ukweli juu ya koti, hawakuniamini, nikasema uongo juu ya shati, wakaniamini bila swali.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa kiangazi, walifika Kasongo watu wawili kutoka mjini. Mmoja alikuwa mamzele, ndivyo tunavyomwita msichana wa mjini, mwenye nywele fupi sana na skafu ndefu sana. Mwenzake alikuwa mchoraji ambaye kucha zake zilikuwa na rangi zote isipokuwa ya kucha. Walikuwa wanaandaa maonyesho ya sanaa, na mada ya maonyesho hayo ilikuwa ukweli. Neno lenyewe walikuwa wamekwisha kuliandika kwenye kitambaa kirefu: UKWELI. Walimwambia chifu wa mtaa kwamba hawataki maonyesho ya wakubwa peke yao. Wanawatafuta watu waliosahauliwa: wajane, wachimbaji, walemavu, watu wa vijiji vya mbali ambako gari halifiki.

Chifu alifanya orodha. Wa kwanza alijiandika mwenyewe, kwa maelezo kwamba serikali imemsahau tangu ateuliwe. Wa pili na wa tatu walikuwa wake zake. Mimi nilikuwa wa kumi na moja. Sikujua kwamba nimesahauliwa mpaka walipokuja kuniandika. Jirani yangu, anayeuza maandazi, hakuandikwa, akanuna siku mbili.

"Wewe unakumbukwa na nani?" alinipigia kelele juu ya ua. "Miye ndiye niliyesahauliwa. Hata mume wangu anapita hapa bila kusalimia."

"Nenda kwa chifu, mama."

"Nilienda. Anasema nafasi za kusahauliwa zimejaa."

Kila aliyeandikwa aliombwa kuleta kitu kimoja kinachosema ukweli juu ya maisha yake. Mchimbaji mmoja alileta karai lake la kuoshea mchanga, limetoboka. Mama mmoja kipofu alileta kamba aliyokuwa anaifuata kutoka mlangoni mpaka chooni. Chifu alileta muhuri. Mamzele akamuuliza kwa heshima, "Papa, huu unasema ukweli?" Chifu akaufikiria kidogo, akaurudisha mfukoni, kesho yake akaleta kiti.

Mimi nilileta picha. Sitasema kwamba niliileta kwa mapenzi. Niliileta kwa hasira. Nilitaka mahali pamoja duniani paandikwe kwamba lile koti halikuwa lake.

Mamzele alifungua daftari. "Mama, tuandike maneno gani chini yake?"

"Andika: uso ni wake. Koti si lake. Tai si yake. Saa ya mkononi ni yake lakini ilikuwa imekufa. Hivyo vicheko vidogo vya mdomoni si vyake, alikuwa anacheka kuliko hapo."

Aliandika. Macho yake yakalowa. Kisha akaniuliza polepole, "Na koti, mama, ni mfano wa nini?"

"Si mfano. Ni koti la mpiga picha wa Kabambare."

"Ndiyo," akasema, "naelewa," na nikaona akiandika kitu kirefu kuliko nilichosema.

Halafu wakapanda pikipiki wakaenda Wamaza, Lusangi na Kabambare. Tulisikia habari zao kutoka kwa mamotari: mara wamelala njiani kwa sababu daraja limeondoka, mara mchoraji ameanguka mtoni na rangi zake, maji yakaenda ya bluu mpaka kwa wanawake waliokuwa wanaloweka mihogo. Walikaa huko karibu mwezi. Walirudi na sanduku la mbao lililojaa vitu vya watu, wakaanza kupaka chokaa ghala la zamani la mchele, maana hakuna mahali pengine penye kuta ndefu.

Siku ya kufungua nilivaa nguo yangu nzuri na kitambaa changu cheusi. Ghala lilikuwa limejaa. Mradi wa maonyesho ulikuwa umewalipia pikipiki wote waliotoa vitu, na walikuwa wamefika na vumbi lao. Nilimwona wifi mara moja. Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa ametoa jembe la mama yake, lililolika mpaka likabaki dogo kama kijiko, na alikuwa amesimama pembeni yake kama mlinzi. Aliniona. Akageuka kulitazama jembe.

Nikaenda kutafuta picha yangu. Ukuta wa nyuma wote ulikuwa wa picha. Watu wengi wa mbali, walipoambiwa walete kitu cha ukweli, walifikiri kama mimi, wakatoa ukutani picha ya baba, ya mume, ya kaka. Mamzele alikuwa amezitundika kwa safu moja ndefu kadiri zilivyofika, na chini ya kila moja maneno ya mwenyewe.

Mshonaji akikutana na mtu anaona nguo kwanza, uso baadaye. Ni ugonjwa wa kazi. Nilitazama picha ya mume wangu, nikatazama iliyofuata: mwanamume mnene wa Kabambare, koti la kijivu, kola pana. Nikatazama ya tatu: katekista mwembamba, koti la kijivu, kola pana. Pembe ya kola ya kushoto ilikuwa imeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kazi. Nilirudi kwa mume wangu. Uzi mweusi. Nilikwenda kwa mnene. Uzi mweusi. Kifungo cha kati kilikuwa cheusi na vingine vya kahawia, kwa huyu, kwa yule, kwa mchimbaji wa Lusangi, kwa mzee aliyeshika Biblia. Nilihesabu sita, nikahesabu tisa, nikaacha.

Nikwambie kilichonisumbua kwanza. Hakikuwa kwamba sasa nitaonekana mkweli. Kilikuwa vipimo. Mwanamume mwenye kifua cha pipa na mwanamume mwenye kifua cha kuku hawawezi wote kukaa sawasawa ndani ya koti moja. Nilikuwa bado nafikiria mabega nilipomsikia mchimbaji mmoja mzee nyuma yangu.

"Huyu ni miye," alikuwa anamwonyesha mwenzake kwa fahari. Kidole chake kikasogea, kikasimama. "Na huyu mbona amevaa koti yangu?"

"Koti yako ya lini, papa? Unayo nyumbani?"

"Ilikuwa…" akasema mzee.

"Na huyu pia."

"Na huyu mwenye Biblia. Angalia kifungo."

Watu wakatembeza macho kutoka mwisho mmoja wa ukuta hadi mwingine. Halafu mwanamke mmoja alianza kucheka, akaziba mdomo, ikashindikana, na kicheko kikapita ghala lote. Wanaume waliokuwa ukutani na pia walikuwa hai walianza kutafuta mlango. Mamzele alimshika mchoraji mkono. Hawakuwa wamegundua. Siku zote zile za kutundika, walisema baadaye, walikuwa wanaangalia macho.

Wifi alikuwa ameacha jembe. Alisimama mbele ya picha ya ndugu yake, akasoma maneno yangu kwa sauti, maana hajui kusoma kimya. Uso ni wake. Koti si lake. Alifika mwisho, akahama picha moja moja, polepole, akigusa kila kifungo cha kati kwa kidole. Karibu na pembe ya ukuta kulikuwa na picha iliyotolewa na mama mkwe wake anayekaa Lusangi. Alikuwa hajawahi kuiona. Alisogeza uso karibu kabisa.

"Huyu ni baba watoto," akasema.

Ni kweli, alikuwa mumewe, kijana bado, na pazia la ndege nyuma yake, na koti.

"Aliniambia koti yake aliiuza Kalemie kununua mbuzi wa mahari," wifi akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema kitu kwa sauti ya chini.

Wakati huo huo, mpiga picha wa Kabambare akaingia. Alikuwa amealikwa kama msanii wa huko, na alikuja amechana nywele, begi begani. Alitazama ukuta. Aliusoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye karatasi ya mahakama, akageuka kwa adabu kutaka kutoka.

"Papa," wifi akaita, ile sauti yake imerudi. "Kuya hapa."

Akaja.

"Ulisema kila mutu anakuja na nguo yake."

"Mama, ningesema nini?" Alikuwa anapanguza jasho. "Mutu anaingia studio na shati ya shimo. Anataka picha ya kumutumia mama mukwe. Ninamuvalisha. Ananiambia, papa, usiseme. Huyu ananiambia usiseme, na huyu, na huyu. Miye niko na midomo ya wanaume wa Kabambare yote ndani ya mudomo wangu. Ningeanza kusema, ningemalizia wapi?"

"Iko wapi?"

Hakuuliza kitu gani. Alilitazama begi lake, sote tukalitazama. Alikuwa na matumaini ya kupiga picha chache maonyesho yakiisha, na mtu hawezi kufanya kazi bila vifaa. Alifungua zipu, akalitoa koti, akalinyoosha mbele yetu kwa mabega. Lilikuwa zuri bado, kwa mbele. Kisha wifi akaligeuza.

Halikuwa na mgongo. Lilikuwa limepasuliwa kwa kisu kutoka kwenye kola mpaka chini, na kila upande wa mpasuko umefungiwa kamba na vibanio vya kuanikia nguo. Mtu mnene, linaachwa wazi. Mtu mwembamba, linavutwa na kubanwa. Ndipo nilipoelewa mabega. Nilikuwa na haki ya kufurahi, lakini mshonaji aliye ndani yangu aliumia kama ameona mnyama amechinjwa vibaya.

"Unaingiza mikono mbele," mpiga picha alieleza, sasa akiwa kama mwalimu, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuficha. "Halafu ninazunguka nyuma, ninakaza."

Wifi alipitisha mkono kwenye mpasuko, ukatokea upande wa pili. Alizitazama kucha zake huko zilikotokea.

"Ndugu yangu alisimama hivi? Mugongo wazi?"

"Mugongo wazi, mama. Na alicheka. Yule fundi wa pampu? Namukumbuka. Picha ya kwanza iliharibika kwa kucheka. Ya pili pia. Nilimwambia, papa, filamu si maji. Ndiyo akafunga mudomo kidogo, kama pale."

Wifi alilikunja. Alimrudishia koti. Watu walikuwa wameshaanza kulivaa kwa zamu, na jirani yangu wa maandazi, aliyekuja bila kualikwa, alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Wifi aliwapita wote, akaja nilipokuwa nimesimama.

"Wifi," akasema.

Ulikuwa zaidi ya mwaka hajaniita hivyo.

"Kuya nikufungue."

Nilimsogelea, nikainama. Nilisikia vidole vyake kwenye fundo. Lilikuwa limekazika sana, na alikuwa anavuta pumzi kwa pua kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. Nilijua kwamba nikinyamaza dakika moja tu, imekwisha. Hakuna aliyejua habari ya foronya. Kile kitambaa kirefu chenye neno kubwa kilikuwa juu ya mlango, na baadaye mamzele alitaka kujua kama ndicho kilichonifanya niseme. Sicho. Kilikuwa nyuma yangu. Kilichonifanya niseme ni zile pumzi zake. Alikuwa anajitahidi.

"Ngoja, wifi. Koti sikuificha. Lakini iko shati."

Vidole vikasimama.

"Shati gani?"

"Ya kijani. Ya kazi."

"Nilikuuliza kama ni yote."

"Uliniuliza."

"Uliniangalia machoni."

"Nilikuangalia machoni."

Alitoa mikono yake kichwani mwangu. Mamzele alikuwa amesogea na simu yake ya kurekodi, akauliza kama tunaweza kurudia. Wifi akamwambia, "Mwanangu, enda uangalie picha zako. Iko bado zingine haujaziona."

Akaniambia, "Twende."

Tulitembea mpaka nyumbani. Motari wake alitufuata polepole nyuma, mguu mmoja chini, na nadhani alijuta kwamba injini inamzuia kusikia. Hakukuwa na cha kusikia. Njia nzima wifi hakusema neno, na mtu anayemjua wifi anajua hilo ni jambo gani.

Niliitoa foronya, nikakata mshono kwa mkasi, nikampa shati. Alilikunjua. Akalipeleka usoni.

"Haukuifua."

"Sikuifua."

"Mwaka wote?"

"Mwaka na miezi minne."

"Inanuka."

"Ndiyo, wifi."

Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani, shati likiwa bado usoni, na kwa muda niliona paji la uso tu. Alipoliondoa, pua yake ilikuwa na doa la mafuta.

"Unashonea watu wa Kasongo yote," akasema, "na hii imekosa kifungo."

"Kiliingia kwenye pampu. Alisema pampu ile toka siku hiyo ilifanya kazi vizuri."

Kicheko kilimtoka kwa pua, kifupi, akakirudisha.

"Ni yangu," akasema.

"Ni yako."

Ni kweli lilikuwa lake. Nguo ya marehemu ni ya dada yake, agawe au asigawe. Sikuomba. Nilikuwa nimekaa nalo muda wangu.

Alisimama akalivaa, juu ya nguo zake za sherehe, hapo hapo barazani. Njia ya Wamaza wakati wa kiangazi ni unga mtupu. Alifunga vifungo vyote kutoka chini, akaruka kile kisichokuwepo, akafunga mpaka cha shingoni. Mikono ya shati ilimfika vidoleni. Alitoka, akapanda nyuma ya motari, akapanga kitenge chake, na mimi nilibaki mlangoni na foronya mkononi.

"Kuya hapa," akasema.

Nikaenda. Safari hii hakunitaka niinamishe kichwa. Aliinama yeye kutoka juu ya pikipiki, akaweka meno kwenye fundo, akalilegeza, akakivuta kitambaa. Upepo ukanipiga kichwani. Alikikunja mara mbili, akajifunga nacho puani kwa ajili ya vumbi, akampiga motari begani, motari akawasha.